Kuzoea mashine ya CPAP: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu aliyekwisha kupimwa, akaambiwa pumzi humkatika usingizini, akapewa CPAP, mashine ya kumsaidia kupumua usiku, na sasa inamshinda. Wengi wanaoniuliza wako Nakuru, Kisumu, Kakamega na Eldoret, na karibu wote wamo katika wiki za kwanza. Ningependa wajue jambo moja kabla ya yote: kinachomfanya mtu aisukumie mashine chini ya kitanda huwa ni kitu kidogo kinachorekebishika. Barakoa haimkai, pua imekauka, mpira wa kupitishia hewa umejaa maji, au anaona haya mbele ya mkewe. Kitafute kitu hicho kwanza. Mimi natumia mashine hii kila usiku hapa Nakuru, lakini si daktari. Kuongeza au kupunguza nguvu ya hewa na kubadilisha dawa ni kazi ya daktari wako.

Mashine hii inafanya nini hasa? Ni ya oksijeni?

Si ya oksijeni. Tangu wakati wa korona, watu wengi wakiona barakoa yenye mpira huwaza mitungi ya gesi na chumba cha wagonjwa mahututi, na ndiyo sababu majirani wataanza kukuuliza kwa sauti ya chini kama umezidiwa. Hujazidiwa.

Ukilala, misuli ya koo hulegea. Kwa mwenye tatizo hili hulegea mpaka njia ya hewa ikajifunga, sawa na mpira wa kunyweshea mboga uliokunjika. Kifua kinaendelea kuvuta lakini hewa haipiti. Oksijeni kwenye damu inashuka, ubongo unashtuka, unaamka kwa sekunde chache, unakoroma kwa kishindo, kisha unalala tena. Asubuhi hukumbuki lolote ila kichwa kinauma, mdomo umekauka, na umechoka kuliko ulivyolala. Wengine huamka wakipigania pumzi, na nyumbani huambiwa wamekabwa na jinamizi.

Mashine huvuta hewa ileile ya chumbani mwako, huichuja, kisha huisukuma kwa nguvu ndogo isiyokatika ili koo lisijifunge. Kupumua unapumua mwenyewe. Kwa hiyo ile hofu kwamba mapafu yatakuwa mavivu, na kwamba ukishaizoea hutaweza kupumua bila yake, haina msingi. Ukiiacha usiku mmoja utarudia kukoroma na kukatika pumzi ulivyokuwa zamani, basi. Wala si jaribio jipya: Dkt. Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, walieleza matibabu haya mwaka 1981.

Kwenye ripoti yangu wameandika 34. Ni 34 ya nini?

Ni wastani wa mara ambazo pumzi yako ilikatika au kupungua sana kwa kila saa ya usingizi. Kwa mtu mzima, chini ya 5 ni kawaida. Kuanzia 5 hadi 15 ni hali nyepesi, 15 hadi 30 ni ya kati, na 30 kwenda juu ni kali. Thelathini na nne maana yake, kwa wastani, hukumaliza dakika mbili bila kusumbuliwa, usiku kucha. Ukitumia mashine, tunataka namba hiyo iwe chini ya 5, na mashine nyingi huionyesha asubuhi kwenye kioo chake.

Nikivaa tu nahisi nakosa hewa, naivua. Nimejaribu, nimeshindwa.

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, nami nalijibu kwa kirefu kwa sababu hapa ndipo watu wengi hukata tamaa.

Usianzie kitandani. Usiku umechoka, kuna giza, na kila dakika unahesabu saa zilizobaki kabla ya kwenda kazini. Anzia sebuleni. Taarifa ya habari ya saa moja ikianza, washa mashine, shika barakoa kwa mkono tu na uiweke puani bila kufunga mikanda. Ukitaka kuiondoa, ondoa. Mwili unahitaji kujua kwamba una uwezo wa kuitoa wakati wowote. Ukiona umefuatilia habari bila kuifikiria barakoa, siku inayofuata funga mikanda. Baadaye jilaze nayo mchana, hata usipopata usingizi. Kuna watu wanaomaliza hatua hizi kwa siku chache na kuna wanaochukua wiki kadhaa, na wengi hufika.

Kisha tazama namna mashine inavyoanza. Nyingi zina mpango wa kuanza na hewa kidogo na kuipandisha polepole, kwa dakika 20 hivi au zaidi, mpaka ifike kiwango alichoandika daktari. Nguvu hiyo hupimwa kwa sentimita za maji, na mashine za kawaida hutoa kati ya 4 na 20. Watu hudhani kuanza na 4 ndiko kwepesi zaidi. Kwa wengine, hasa wenye mwili mkubwa, 4 ni hewa chache mno, na ile hisia ya kukabwa inatoka hapohapo. Mwambie daktari au fundi wa kliniki: "Mwanzoni nahisi hewa haitoshi." Akipandisha kidogo kiwango cha kuanzia, mara nyingi hofu huisha usiku huohuo. Kama shida yako ni kutoa pumzi, kwamba hewa inakurudisha nyuma, uliza kuhusu ule mpangilio unaopunguza nguvu wakati wa kutoa pumzi. Karibu mashine zote za siku hizi zinao, lakini wengine hupewa mashine mpangilio huo ukiwa umezimwa.

Ukishtuka usiku, vua, keti, pumua polepole mpaka moyo utulie, halafu vaa tena. Usipambane nayo ukiwa umelala chali huku moyo unakwenda mbio. Usiku ukifaulu saa mbili, zihesabu hizo mbili.

Nichague barakoa ya aina gani?

Kuna tatu kubwa. Ipo inayofunika pua tu, ipo yenye vijipande viwili laini vinavyokaa kwenye matundu ya pua, na ipo inayofunika pua na mdomo. Anayepumua kwa pua hufaa kuanza na moja ya hizo mbili za kwanza. Ni ndogo, na hofu ya kufungiwa uso hupungua. Ya kufunika mdomo ni ya mtu ambaye pua yake imeziba kabisa au mdomo wake hauishi kufunguka.

Ijaribu ukiwa umelala, na mashine inapuliza. Uso wa mtu aliyeketi si uso wa mtu aliyejilaza ubavu, mashavu huhama. Duka likikataa ujilaze, tafuta lingine.

Hewa ikivuja kuelekea machoni, kila mtu hukimbilia kukaza mikanda. Legeza badala yake. Ule mpira laini unaogusa ngozi umetengenezwa ujae hewa na kujibandika wenyewe; ukiubana sana unakunjika, unavuja zaidi, na asubuhi una alama usoni mpaka saa nne. Vua, acha mashine ipulize, weka upya, kisha kaza kidogokidogo pande zote mbili sawasawa. Yale matundu madogo mbele ya barakoa yanayotoa hewa muda wote si uvujaji. Ndiyo njia ya hewa chafu kutoka. Usiyazibe kamwe, hata yakimpulizia mwenzako mgongoni.

Mwenye ndevu nyingi atapata shida na barakoa kubwa. Vile vijipande vya matundu ya pua humfaa zaidi, maana havigusi ndevu wala mashavu.

Halafu Vaseline. Sisi hatulali bila kujipaka, nalijua hilo, lakini mafuta ya aina hiyo huiharibu barakoa: mpira unalegea, unateleza, na kupasuka kabla ya wakati wake. Osha uso kwa sabuni kabla ya kulala na uache bila mafuta sehemu inayoguswa na barakoa. Ngozi ikikauka, tumia losheni isiyo na mafuta ya petroli, asubuhi.

Barakoa zingine zina sumaku kwenye vishikizo. Aliyewekewa kifaa cha kuendesha moyo, au chuma chochote kichwani, amwambie daktari na aombe isiyo na sumaku.

Nimesuka nywele. Mikanda haikai.

Fundo la nywele likae juu utosini au chini kabisa shingoni, ili mkanda wa nyuma upite katikati bila kusukumwa. Rasta ndefu zipitishwe juu ya mkanda, zisibanwe chini yake. Kama unafunga kitambaa cha satini usiku, funga kitambaa kwanza, mikanda ifuate. Ukisuka upya, pima mikanda upya, kwa sababu unene wa kichwa umebadilika. Nawaambia akina mama hili kwa sababu madaktari husahau kulitaja, na kwa sababu hatari ya ugonjwa huu huongezeka kwetu baada ya hedhi kukoma, wakati wengi wetu bado tunaamini kukoroma ni kwa wanaume.

Naamka mdomo umekauka, pua inawasha.

Mdomo ukikauka sana, huenda hewa inaingia puani na kutokea mdomoni unapolala. Jaribu mambo mawili: ongeza unyevu unaotoka kwenye tangi la maji la mashine, lile linalolainisha hewa, na shughulikia pua. Pua ikiwa imeziba, mdomo hufunguka tu. Maji ya chumvi ya kusafisha pua hupatikana kwenye maduka ya dawa na husaidia sana, hasa miezi ya vumbi hapa Nakuru kabla ya mvua ya masika. Ikiwa pua huziba kila siku, daktari wa masikio, pua na koo aitazame. Ipo mikanda ya kushikilia kidevu pia. Kujibandika plasta mdomoni sikushauri, hasa kwa mtu anayeweza kutapika au ambaye pua yake haiko wazi.

Niweke maji gani kwenye tangi?

Maji yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke na kurudishwa kuwa maji, yasiyo na chumvichumvi. Ulizia maduka makubwa ya dawa. Maji ya visima vya Nakuru na bonde zima yana madini mengi; floraidi yake ndiyo inayowatia watoto wetu meno ya kahawia. Ukiyatumia, baada ya siku chache utaona ukoko mweupe chini ya tangi. Maji ya kunywa ya chupa yana madini pia, japo kidogo.

Ukikwama usiku mmoja au mbili, chemsha maji, yapoe, tumia, kisha osha tangi vizuri. Kuchemsha huua vijidudu lakini madini hubaki, kwa hiyo usiufanye mtindo. Maji ya betri ya kituo cha mafuta usiyaguse. Hayakutengenezwa kwa ajili ya mapafu, na rafu hiyohiyo huuza asidi ya betri katika chupa zinazofanana nayo.

Kila asubuhi mwaga yaliyobaki. Usiongeze mapya juu ya ya jana. Na usitie Vicks, mikaratusi wala manukato yoyote kwenye tangi.

Usiku mpira unajaa maji na kunguruma.

Hilo ni la Nakuru, Eldoret, Kericho na sehemu zote zenye baridi. Hewa yenye joto na unyevu inatoka kwenye mashine, inapita katika mpira uliopoa, maji yanagandamana ndani na kukumwagikia usoni saa nane usiku. Weka mashine chini ya usawa wa kitanda ili maji yarudi kwenye tangi. Pitisha mpira chini ya blanketi, au uvishe kitambaa cha sufi. Punguza unyevu kidogo. Ipo pia mipira yenye waya wa kupasha joto, na kwa anayeweza kuinunua humaliza shida yote.

Tukiwa kwenye habari ya miinuko: Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Kisumu karibu 1,130. Mashine mpya hujirekebisha zenyewe. Zile za zamani huwa na mahali pa kuweka kiwango cha mwinuko kwa mkono, na mtu aliyehama kutoka Kisumu kuja Nakuru anapaswa kukibadilisha.

Niko Kisumu. Joto, mbu, chandarua. Nitaiwekaje?

Chandarua usikiache, malaria ya ukanda wa ziwa haikusubiri upone kukoroma. Mashine ikae nje ya chandarua, juu ya stuli, na mpira uingie kwa chini, pale chandarua kinapochomekwa chini ya godoro. Chomeka vizuri pande zote mbili za mpira. Wengine hupitisha mpira juu na kuuning'iniza kwa kamba laini ili usiwavute wakigeuka. Hiyo pia ni sawa mradi usiache mwanya.

Dawa ya mbu ya moshi isiwashwe chumba hicho. Mashine inavuta hewa ya chumba na kukupelekea puani moja kwa moja, na kichujio chake huzuia vumbi, hakizuii moshi wala harufu. Dawa ya kupuliza nayo ipulizwe mapema jioni mashine ikiwa imezimwa na kufunikwa, chumba kipate hewa kwanza. Jiko la makaa lisilale chumba chochote mnacholala, mwenye mashine na asiye nayo.

Joto la Kisumu lina faida yake: wengi huko hawahitaji unyevu mwingi, na kuna wanaotumia mashine bila maji kabisa.

Stima ikipotea je? Nitakufa?

Hutakufa. Barakoa za kufunika pua na mdomo zina kijilango kinachofunguka hewa ikikatika, na nyingine zote huacha mdomo huru. Utaamka kwa joto au kwa kukosa ule mlio, uivue, ulale ubavu. Usiku huo utakoroma.

Kwa kuwa stima yetu tunaijua, panga mapema. Mashine yenyewe hutumia umeme kidogo. Bila kupasha maji, nyingi zipo kati ya wati 10 na 30. Kinachokula umeme ni kupasha maji na mpira wenye joto, vikizimwa betri hudumu mara kadhaa zaidi. Betri ya kubebeka ya wati-saa 300 hivi, ile ya kuchajiwa ukutani au kwa sola, mara nyingi huvusha usiku mzima ikiwa umezima upashaji. Tazama adapta yako kabla ya kununua chochote: kuna mashine za volti 12 na kuna za volti 24. Ya 24 haiunganishwi moja kwa moja kwa betri ya gari dogo. Inahitaji kigeuzi chake maalumu, kile kinachotajwa na watengenezaji wa mashine hiyo.

Hatari kubwa ni stima inaporudi kwa kishindo. Nunua kile kifaa tunachochomekea friji ili kuilinda, kinachosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme upite, na uchomeke mashine hapo. Hugharimu kidogo sana ukilinganisha na mashine mpya.

Naenda ushago kwa matanga. Niiache?

Nenda nayo. Matanga ndiyo siku unazolala vibaya na kuchelewa, kisha unaendesha gari kurudi. Mwaga maji yote kwenye tangi kabla ya safari, maana yakimwagikia ndani ya mashine umeiua. Kwenye matatu ishike miguuni, isiende kwenye buti pamoja na ndizi na magunia. Kwenye ndege, Kisumu kwenda Nairobi, ni kifaa cha matibabu, ingia nacho mkononi, usikikabidhi na mizigo. Betri ndogo za akiba pia hukaa nawe ndani, lakini ile kubwa ya wati-saa 300 hairuhusiwi ndegeni. Beba waya wa kurefusha umeme, kwa sababu soketi ya ushago huwa moja, nayo iko sebuleni.

Kama mtakesha, basi mkeshe. Lakini ukijilaza hata saa moja mchana, ivae. Koo halijui kama ni usiku.

Mimi ni dereva wa lori. Nikisema nina ugonjwa huu si nitafutwa?

Ndugu yangu, kwanza tuzungumze juu ya uhai wako. Unaijua ile barabara kutoka Mau Summit kushuka Sachangwan hadi Salgaa kuliko mimi, na unajua waliobaki pale. Mwenye ugonjwa huu usiotibiwa husinzia bila kuonywa. Wengine hulala macho wazi. Kufungua dirisha, kutafuna miraa na kuongeza sauti ya redio havirudishi usingizi uliokosekana. Mpaka kusinzia mchana kuishe, usiendeshe. Simama, mpe mwenzako.

Kuhusu kazi: mashine huhifadhi saa ulizoitumia kila usiku. Chapisho la kumbukumbu hizo pamoja na barua ya daktari kwamba unatibiwa na husinzii ni utetezi mzuri kwako kuliko kuficha. Ukilala ndani ya lori, kumbuka umeme wa malori mengi ni volti 24, wa magari madogo 12. Nunua kigeuzi kinachofaa, na usiache injini ikinguruma usiku kucha mahali palipofungwa, kwa ajili ya moshi wake.

Tumbo linajaa hewa, najamba na kubeua mchana kutwa.

Unameza hewa. Inua kichwa kidogo kwa mto, lala ubavu, usile ugali mzito dakika chache kabla ya kulala. Ikiendelea, nguvu ya hewa huenda imezidi au kuna uvujaji unaoifanya mashine ipandishe. Hilo ni la daktari kurekebisha. Halina madhara makubwa, ila linakera, na sababu ya kukera si ndogo hata kidogo kwa mtu aliye ofisini.

Baba yangu huivua usiku na asubuhi hajui aliivua saa ngapi.

Ni kawaida kwa wanaoanza, hasa wazee. Usimgombeze mzee. Mkono huivua kwa sababu kuna kitu kinamsumbua akiwa usingizini: hewa inavuja, pua imeziba, au nguvu haitoshi. Mashine kadhaa zina kengele inayolia barakoa ikitoka, iwashe. Tazama pia alama kwenye daraja la pua; wazee ngozi yao ni nyepesi na kidonda huanza haraka. Na mtu akiamka saa tisa kwenda chooni, afundishwe kuchomoa mpira pale mbele ya barakoa bila kuvua mikanda, akirudi achomeke tu.

Hapo kwenye choo nisimame kidogo. Kuamka mara nyingi kukojoa usiku ni dalili mojawapo ya ugonjwa huu, kwa sababu moyo uliosumbuliwa na kukatika kwa pumzi hutuma ishara zinazoongeza mkojo. Wanaume wengi huja wakidhani ni tezi dume, au ni sukari. Vipimo hivyo vifanywe, lakini wengi hushangaa kwamba safari za chooni zimepungua baada ya kuanza mashine.

Naona aibu mke wangu anione na kitu hiki usoni.

Mkeo amekuwa akikusikiliza ukinyamaza gizani na kusubiri uvute pumzi tena. Anayajua haya kabla ya daktari. Mwite siku ya kwanza, akusaidie kuweka mikanda, asikie mlio wake: mashine nzuri haizidi sana desibeli 30, chini kabisa ya kukoroma kwako. Akisikia mvumo wa hewa ghafla, hiyo ni barakoa inavuja, na akikugusa tu bega utaiweka sawa. Kukumbatiana na kuzungumza kuje kabla ya kuivaa. Watoto waonyeshe mchana, waache waijaribu, wacheke wamalize.

Naota ndoto nyingi mno tangu nianze.

Vizuri. Usingizi wa ndoto ulikuwa ukikatwakatwa kwa miaka, na mwili unajilipa. Hupungua baada ya muda.

Naioshaje?

Barakoa kila asubuhi, ile sehemu ya uso, kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini ya kioevu isiyo na manukato makali. Tangi pia. Mpira na mikanda mara moja kwa wiki. Anika kivulini, jua la moja kwa moja hukausha mpira ukapasuka. Jik, Dettol na spiriti hapana. Kichujio kitazame kila wiki ikiwa nyumba yako iko kando ya barabara ya vumbi, na ukibadilishe kikigeuka kijivu. Vile vyeupe vya karatasi haviwezi kuoshwa. Mchana funika mashine kwa kitambaa safi na uzibe mwisho wa mpira, kwa sababu mende hupenda joto.

Nimepata mashine iliyotumika, bei nafuu. Ninunue?

Angalia jina na namba yake kwanza. Mwezi Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kurudishwa kwa mamilioni ya mashine, zikiwemo DreamStation za kizazi cha kwanza, kwa sababu sifongo ya kuzuia kelele ndani yake ingeweza kuoza na chembe zake kuingia kwenye hewa anayovuta mtu. Muuzaji asiyekuruhusu kusoma namba ya mashine, mwache na mashine yake.

Zingine zinaweza kufaa, mradi daktari aweke upya nguvu ya hewa kwa ripoti yako, si ya marehemu wala ya mjomba wa Marekani. Barakoa, mpira na vichujio nunua vipya. Ulizia pia kama barakoa ya aina hiyo itapatikana Kenya mwaka ujao, kwa sababu utaihitaji tena. Adapta iandikwe 100 hadi 240. Iliyoandikwa 110 peke yake itaungua kwa stima yetu ya 240.

Bima italipa?

Bima ya afya ya serikali, NHIF, iliachia nafasi SHA Oktoba 2024, na kila bima binafsi ina masharti yake. Kabla ya kununua, omba jibu kwa maandishi kuhusu vitu vitatu: kipimo cha usingizi, mashine, na barakoa za kubadilisha. Ripoti ya kipimo na barua ya daktari ziambatanishwe. Omba pia kukodi kwa mwezi mmoja kwanza. Wauzaji wengine hukubali, na ni nafuu kuliko kununua barakoa isiyokufaa.

Nikipunguza uzito, au nikiacha pombe, naweza kuiacha?

Kupunguza uzito husaidia, na kuna wanaopona kabisa. Pombe, iwe bia au chang'aa, hulegeza koo na kufanya usiku kuwa mbaya zaidi, vivyo hivyo dawa nyingi za usingizi. Lakini usijipime kwa hisia. Kukoroma kunaweza kupungua na pumzi ikaendelea kukatika. Pimwa tena, ndipo uamue na daktari. Mwenye presha isiyoshuka kwa dawa, kisukari, au aliyewahi kupata kiharusi awe mwangalifu zaidi hapa.

Nikirudi kliniki nibebe nini?

Mashine yenyewe pamoja na adapta, kadi ya kumbukumbu ikiwa ina kadi, na barakoa unayotumia, chafu ilivyo. Ukianzia Hospitali ya Rufaa ya Nakuru ambayo bado tunaiita PGH, Jaramogi kule Kisumu, au Moi pale Eldoret, uliza daktari wa mapafu au wa masikio, pua na koo. Andika kwenye simu yako usiku ulioshindwa na saa uliyoivua. Na umwombe anayelala karibu nawe aje, kwa sababu yeye ndiye atakayejibu daktari akiuliza kama bado unakoroma.